Ufunguo wa Spiriti

Kabla pombe haijamvuruga, hakuna fundi aliyemfikia Kioo kwa kupaka polishi. Jina lenyewe alipewa na wateja: meza ikitoka mikononi mwake, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Halafu ulevi ukamkamata, na pombe ilipokosekana akanywa hata spiriti ya karakana, ile ya kuyeyushia polishi. Walimkuta amezimia kwenye maranda. Kaka yake mkubwa, mwenye karakana, ndiye aliyembeba hadi kituo cha matibabu.

Sasa amerudi, mashavu yamejaa, akili zake timamu. Lakini upweke, jamani! Kule kituoni walilala wengi chumba kimoja. Ukikohoa tu, watatu wanauliza kulikoni. Huku amepewa chumba cha uani, akikohoa hajibiwi hata na paka. Marafiki zake wote wamebaki kilabuni, na huko hathubutu kukanyaga. Wasiokunywa wanamsalimia kwa mbali, kisha wanakumbuka wana haraka.

Karakanani kaka alimpa kazi ya kupiga msasa tu. Spiriti ilifungiwa kabatini, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa kaka kama kengele ya mbuzi. Kioo hakununa. Alisugua mbao siku nzima, akisubiri kitu kimoja: kaka amwamini tena.

Siku moja kaka alikuwa anatoka kupeleka vitanda, na meza kubwa ya kulia ilikuwa haijapakwa. Akauvua ufunguo, akauweka juu ya benchi.

"Mdogo wangu, mwenye meza anakuja jioni. Utaweza?"

"Mkono haujasahau, kaka."

"Sisemi habari ya mkono."

Kioo akatazama chini. "Nitaweza."

Alipofungua kabati harufu ilimpiga usoni, mate yakamjaa mdomoni. Aliogopa. Akakaa chini kwenye maranda, akatamani angalau mtu mmoja wa kumwambia, "Nishike mkono." Hakukuwa na mtu. Basi akajikaza kisabuni, akafungua madirisha yote, akalowesha kitambaa na kuanza kupaka, huku akijisemesha kwa sauti: "Taratibu, Kioo. Usikikandamize. Zunguka nacho." Meza ikaanza kung'aa, naye akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Kaka aliporudi, Kioo alikuwa amesimama kando ya meza, ananuka spiriti kuanzia kola hadi viatu, kama anavyonuka fundi yeyote wa polishi, kaka akiwemo. Kaka hakuitazama meza. Alimjia moja kwa moja, akamshika mabega, akamwinamia.

Kioo alidhani anakumbatiwa. Tangu arudi hakuna aliyemkumbatia. Akanyanyua mikono yake haraka, akiiweka mbali ili polishi isichafue shati la kaka.

"Hebu pumua," kaka akasema.

Mikono ikabaki juu. Kioo akapumua. Kaka akanusa, akanusa tena.

"Sitambui kitu. Nasikia spiriti tu."

"Ni ya kazi, kaka. Tazama meza."

Kaka akageuka. Ubao ule ulimwonyesha uso wake mwenyewe, hadi mikunjo ya paji, na aibu ikamshika.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Kazi safi kabisa."

Kisha akauchukua ufunguo pale kwenye benchi, akauvaa tena shingoni.