Limebaki Kioo Tu

Gari la baba lilikuwa limeenea nyumba nzima. Bandani uani ilibaki bodi tu, imekaa juu ya magogo, haina macho wala mdomo. Vingine vyote tulikuwa tunaishi navyo. Siti ya mbele, ile ndefu ya watu watatu, ndiyo lilikuwa kochi la sebuleni. Siti ya nyuma niliilalia mimi. Boneti lilikuwa paa la banda la kuku, na mlango mmoja wa gari ndio ulikuwa mlango wa banda hilohilo, kwa hiyo jua likiwa kali kuku wetu tuliwashushia kioo. Honi ilikuwa kengele ya mlangoni. Mgeni akibonyeza, mtaa mzima unapisha njia.

Na kioo cha mbele kilikuwa dirisha la jikoni.

Msidhani sisi vichaa. Baba aliendesha gari la tajiri mmoja ujana wake wote, mpaka watu wakasahau jina lake wakabaki na Dereva. Hata mama anamwita hivyo. Tajiri alipozeeka akampa lile gari badala ya asante. Gari la zamani, lina mabawa nyuma, zuri ukilitazama ukiwa mbali. Baba akaapa atalirudisha liwe kama jipya. Akalifungua lote, nati kwa nati. Sasa tatizo ni kanuni yake. Alisema kifaa hakiwekwi kwenye boksi, maana kilichoingia kwenye boksi kimeshasahaulika. Kikae mahali anakiona, na kama inawezekana kipewe kazi, kisizoee uvivu. Basi akavipa kazi vyote. Halafu yeye akapumzika.

"Bado kidogo tu," ndiyo ilikuwa sala yake. Naanza darasa la kwanza, bado kidogo tu. Naacha shule, au shule ndiyo iliniacha mimi, hatujawahi kukalishwa tukasuluhishwa, bado kidogo tu. Nikajifunza kuchomelea vyuma, nikaota ndevu. Bado kidogo.

Mimi subira sina. Nilikuwa nachomelea kando ya barabara, jua utosini, mvua ikija nakunja kila kitu narudi kulala. Siku moja akasimama mwanamke mmoja mkandarasi, tunamwita Mama Mageti, akaangalia kazi yangu, akagonga chuma kwa funguo zake. Anajenga nyumba za kupangisha, zote zinataka mageti na madirisha.

"Una banda?"

"Lipo."

"Lina umeme?"

"Upo."

"Jumatatu nakuja kuliona. Vyuma vyangu mimi havilali nje. Ukinidanganya, mafundi wamejaa."

Sikudanganya. Banda lipo, umeme upo. Ila ndani kuna bodi ya gari ambayo haijasogea tangu nina meno ya utoto.

Jioni ile nikaingia sebuleni, sikuzunguka mbuyu. "Baba, limalize au liuze. Chagua."

"Cheche," akasema. Ananiita hivyo kwa ajili ya kazi yangu, na kwa ajili ya mdomo wangu pia. "Haraka haraka haina baraka."

"Na polepole yako imezaa baraka gani? Humu ndani wanaopanda gari ni kuku peke yao."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amekaa pembeni ya baba kwenye ile siti, upande wa abiria, mahali pake pa siku zote. "Mwambie, mwanangu. Mimi nimechoka kufuta vumbi la injini." Injini ilikuwa chumbani kwao, imefunikwa shuka kama mgonjwa. "Mke mwenza gani huyu, hapiki, hafui, na hafi."

"Nawe umeungana naye?" baba akamuuliza.

"Mimi niko na mwenye ndevu nyeusi."

Na mnunuzi aliletwa na mama mwenyewe. Mzee mmoja mwenye kofia ya ngozi, anakodisha magari ya zamani kwa maharusi. Alikuwa anatafuta gari kama letu siku nyingi. Akatuma salamu kwamba Jumamosi anakuja, na likiwa kamili hata kama haliwaki, analibeba.

Baba alichezea usukani uliotundikwa ukutani, tunapoanikia mataulo. Mwisho akasema, "Sawa. Ila haliondoki hapa vipande vipande, watu waseme Dereva ameuza vyuma chakavu. Lifungwe lote kwanza."

Nikaruka. Nilijua nimeshinda.

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Giaboksi ilikuwa chini ya kitanda chao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, na mgongo ukaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kioo cha pembeni tulikitoa bafuni, baba akanyoa kwa kupapasa akatoka na mkwaruzo shavuni. Vifuniko vya ringi mama alikuwa anaanikia pilipili, vikarudi vinanukia. Kuku walipovuliwa paa walitutazama kama wapangaji waliofukuzwa bila notisi. Vijana wa mtaani wakaja kusaidia kupandisha injini na kufunga magurudumu, halafu tukaisukuma bodi nzima mpaka katikati ya uwanja ili mgeni alizunguke vizuri.

Na baba? Sijawahi kumwona vile. Kila nati aliijua kwao. "Hiyo ni ya kushoto, usiniharibie." "Hiyo ina kaka yake, iko kwenye kopo la chumvi." Akawa anapiga mluzi. Mtu anauza gari lake huku anapiga mluzi! Nikasema moyoni, mzee ameelewa hatimaye.

Kilibaki kioo cha mbele. Nikachukua patasi niende jikoni, baba akanizuia. "Hicho kimezungushiwa simenti. Kitatolewa mnunuzi akishakubali. Ukikivamia kitapasuka, na hakuna kingine."

Lilikuwa neno la akili. Nikarudisha patasi.

Jumamosi mnunuzi akafika. Alitafuta kengele pale mlangoni akakuta waya mbili zinaning'inia, akabisha kwa ngumi. Tukamkaribisha ndani, akaangalia huku na huku. Sebule ilikuwa tupu kama uwanja wa mpira siku ya mazishi.

"Nikae wapi?"

"Garini," baba akasema.

Basi mazungumzo yakafanyika garini. Baba kwenye usukani, mzee mwenye kofia pembeni yake, mimi nyuma kwenye kitanda changu, chai mikononi. Mzee alipapasa dashibodi, akanusa siti, akabonyeza honi akashtuka mwenyewe. Alikuwa ameshanaswa, unamwona kabisa. Kisha akanyoosha kidole mbele yake, kidole kikapita bila kugusa kitu.

"Kioo kiko wapi?"

Mimi na baba tukanyoosha mikono pamoja. Kilikuwa palepale mbele yetu, ng'ambo ya uwanja, ukutani. Nyuma yake mama anaosha masufuria, anatutazama.

"Ah," mzee akasema. "Mkitoe basi."

Nikaenda na patasi yangu. Mama hakuacha kuosha.

"Unakwenda wapi na hicho chuma?"

"Kutoa kioo, mama."

"Cha nani?"

"Mama, si wewe uliyesema liuzwe? Si wewe uliyemleta huyu mzee?"

"Gari nimesema liuzwe. Dirisha langu nani kasema?" Akaweka sufuria chini. "Kabla ya hicho kioo hapa palikuwa na ukuta. Nilipika natazama ukuta, wewe mgongoni unalia. Siku Dereva alipoubomoa ndiyo siku nilijua jirani yetu ana mguu mmoja mfupi. Ndoa ngapi nimeziona zikianzia pale kwenye bomba la maji la mtaa? Ngapi zimevunjikia palepale? Leo nirudi kutazama ukuta?"

"Nitakutengenezea dirisha. La chuma, zuri, la kufungua na kufunga."

"Litengeneze tulione. Hiki hakitoki."

Mzee alikuwa amenifuata, kofia mkononi. "Mama, fikiria. Bi harusi wangu atakaa mbele bila kioo, upepo umpige mpaka afike kwa mumewe nywele ziko mkononi!"

"Muoze bwana anayempenda hivyo hivyo."

"Kioo hiki hakitengenezwi tena popote duniani. Kilichonileta ni hicho."

"Basi umekiona," mama akasema. "Umekiona bure."

Mzee akamgeukia baba. Baba akainua mabega, uso mpole kama wa mtoto mchanga. "Mimi nimekubali kuuza. Huyu kijana shahidi yangu."

Mzee akaondoka. Nilibaki nimesimama na patasi kama mtu aliyekuja msibani na ngoma. Nikarudi kwenye gari. Baba alikuwa bado kwenye usukani, anamalizia chai.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Kwamba mama hatakitoa."

Akafuta masharubu. "Cheche, mimi dereva. Dereva lazima ajue breki iko wapi."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli. Lakini mama alikuwa anatutazama pale kiooni, anacheka huku amegeuza uso, na kicheko kikanishika na mimi.

"Haya," baba akasema akashuka. "Tulirudishe bandani."

Nikaangalia banda. Tupu. Waya wa umeme unaning'inia, unanisubiri. Vijana waliosukuma walikuwa wameshakwenda zao.

"Sukuma," nikamwambia.

Akaweka mikono kwenye buti akasukuma. Gari halikumjali. Akanitazama. Mimi nikaenda nikaleta mashine yangu ya kuchomelea, nikaichomeka bandani mbele ya macho yake. Alichukua kitambaa akaanza kufuta bampa.

Jumatatu Mama Mageti akaja, akagonga nguzo za banda kwa funguo zake, akawasha na kuzima taa. Akatafuta pa kukaa tupatane. Nikamfungulia mlango wa gari.

Kazi nikapata. Nikawajengea kuku paa la bati na mlango, wakanywea, nadhani wamezoea maisha ya juu. Mimi nalala chini kwenye mkeka. Siti hazikurudi ndani, maana baba amekataa kulifungua tena. Jioni yeye na mama wanakaa garini uwanjani, yeye kwenye usukani, mama upande wake, upepo unawapiga usoni. Mtu akipita akauliza, "Dereva, gari vipi?" baba anajibu kwa raha zote, "Limekwisha! Limebaki kioo tu."

Na lile dirisha nililitengeneza, ahadi ni deni. Chuma kizuri, bawaba zisizopiga kelele, nimelipiga rangi mara mbili. Nikampelekea mama jikoni. Akaliweka chini, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Zuri, mwanangu. Mikono yako ibarikiwe."

"Kwa hiyo nitoe kioo?"

"Lipeleke chooni," akasema, akarudi kutazama bomba. "Huko kweli hakuna dirisha."