Mara ya Nne

Nereida aliniambia mlangoni, kabla hatujaingia: "Bibi, wakiniambia nianze tena mwanzo, naondoka. Kesi waendelee nayo wenyewe."

Nilimfungulia mlango. Mjukuu wangu ana miaka ishirini na mbili, si mtoto wa kubembelezwa. Tena alikuwa na haki. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu msimamizi wa ghala la matofaa amfungie kwenye chumba cha makreti na kumbaka, na ndani ya siku hizo alikuwa ameshayasema mara tatu. Kwanza kwa nesi, hospitalini, huku akipimwa saa nne nzima. Kisha kwa askari wa zamu aliyekuja palepale na kidaftari chake. Kisha kwa mpelelezi, kesho yake, ofisini. Wote walikuwa wapole. Wote walisema, "Anza mwanzo, usiharakishe." Na kila alipomaliza, alirudi nyumbani akaoga mpaka maji ya moto yakaisha, akalala macho wazi.

Jumanne ile tulikuwa tumeitwa kwenye kikao cha timu. Wenyewe wanajiita hivyo: nesi, mpelelezi, mwendesha mashtaka, na Maribel wa kituo cha wanawake, ambaye kazi yake ni kukaa upande wa Nereida basi. Hukutana mara moja kwa mwezi, meza moja, ili aliyeumizwa asitembezwe mlango kwa mlango. Ndivyo lilivyosema bango la ukutani. Nereida alinisomea, akaguna.

Mwendesha mashtaka, mama mwembamba aitwaye Tollefson, alifungua faili. "Tuna tatizo. Karatasi ya nesi inasema saa tatu asubuhi. Ya mpelelezi inasema saa nne. Wakili wa yule mtu ataing'ang'ania hiyo saa. Itabidi Nereida atusimulie tena, taratibu, tuweke sawa."

Nereida akasimama. "Si nilikwambia, Bibi?"

"Hatuanzi mwanzo," Maribel akasema.

"Maribel, hata mimi sipendi," akasema mpelelezi, Burkett.

"Kama hupendi, usifanye."

Miguu ilikuwa inaniuma, na kahawa yao ilikuwa chungu. Nikasema, "Samahani wanangu. Hizo karatasi, aliandika yeye au mliandika ninyi?"

"Tuliandika sisi, mama."

"Mmeshakaa mkazisoma pamoja?"

Nesi akamtazama mpelelezi. "Yangu ilikaa hospitalini wiki nzima ikingoja saini."

"Mimi nimeiona leo asubuhi," akasema Burkett. "Garini."

"Basi ulizaneni ninyi kwa ninyi. Huyu kachoka. Hata mimi nimechoka, ila mimi mdomo bado ninao."

Hakuna aliyecheka isipokuwa nesi, na yeye alicheka kwa aibu. Maribel akatupeleka chumba cha pili chenye kochi, akaketi mlangoni kama mlinzi, mlango nusu wazi.

"Bibi, umewasuta watu wa serikali."

"Nimeuliza tu."

"Umewaita wanangu! Yule Burkett ana mvi kukushinda."

"Mvi ni nywele. Lala huko."

Akaweka kichwa mapajani mwangu. Nilidhani anajinyoosha tu. Nilipomtazama tena alikuwa amelala, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala zamani kwenye gari tukitoka mashambani.

Kule chumba cha kikao karatasi zilikuwa zinafunuliwa.

"Kwangu hakutaja saa," nilimsikia nesi. "Alisema baada ya mapumziko ya kwanza. Saa niliiweka mimi. Kwetu hospitalini mapumziko hayo ni saa tatu."

"Hata kwangu alisema hivyohivyo," akajibu Burkett. "Nikapiga simu ghalani, wakaniambia saa nne."

Kisha Tollefson: "Kwa hiyo yeye kasema neno moja mara zote. Tuliosema mawili ni sisi."

Mimi nimepanga matofaa katika ghala lile miaka ishirini na sita. Nilijua kwamba kila mstari wa wapangaji hupumzika kwa saa yake, mashine zisisimame zote kwa pamoja. Jibu lilikuwa linaniwasha ulimini. Lakini Maribel alikuwa amenionya: nikimtilia Nereida neno mdomoni, wakili wa yule mtu atalichukua neno hilo na kulifanya uongo. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulinichosha kuliko miaka yote ya ghala.

Wakapiga simu ghalani tena, wakagundua wenyewe kwamba kila mstari una saa yake. Burkett akaja mlangoni na kalamu. "Swali moja tu."

"Amelala," Maribel akasema.

"Neno moja, Maribel."

"Na usingizi mmoja. Ngoja."

Akangoja. Dakika arobaini alisimama ameegemea ukuta, karatasi mkononi, kama mtu aliyesahauliwa kwenye foleni. Sikusogeza paja langu, ingawa lilikuwa limekufa ganzi.

Nereida akafumbua macho, akamwona, akakaza uso.

"Siku ile," Burkett akasema polepole, "ulikuwa mstari wa ngapi?"

"Wa pili."

Akaandika. "Wa pili hupumzika saa nne. Basi."

"Basi nini?"

"Basi. Nimemaliza."

Nereida akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Hakuna mwanzo?"

"Hakuna," akasema Tollefson nyuma yake. "Mahakamani utasema, siwezi kukudanganya. Kabla ya hapo, hapana."



"Mahakamani nitasema," akajibu Nereida, akarudisha kichwa pale pale mapajani mwangu, akafumba macho.