Somo la Mvuke

Wanafunzi wa darasa la sita walisimama wawili wawili mbele ya lango la kiwanda cha sabuni, wamevalishwa kofia ngumu zilizowafunika mpaka nyusi, na mwalimu wao wa sayansi akawatazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha la nyumba isiyo yake. Alijua kwamba wanachekesha. Alijua pia kwamba zamani angecheka. Lakini tangu afiwe na mumewe, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama ufizi uliochomwa sindano: ukiugusa unajua kuna kitu, ila huna hakika kama ni chako.

Mumewe alifia humo ndani. Alikuwa fundi wa mabomba. Asubuhi moja mshono wa bomba la mvuke ulifunguka nyuma ya pipa la kuchemshia mafuta. Akakimbilia koki ili aifunge, na hakuifikia. Wakubwa wa kiwanda walileta turubai, viti na maneno ya kufariji, wakakaa mstari wa mbele msibani, kisha wakaenda zao.

Ziara yenyewe lilikuwa wazo la marehemu. Alizoea kumtania mkewe mezani. “Mwenzangu, unachora moto ubaoni kwa chaki, halafu unategemea maji yachemke? Walete kwetu wakauone mvuke unavyofanya kazi.” Aliwasumbua wakubwa wake mpaka wakachoka naye. Kibali kilifika shuleni baada ya matanga.

“Kama huwezi, nitampeleka mwalimu mwingine,” mwalimu mkuu alimwambia akiwa ameinamisha macho.

“Nitaweza.”

“Watu wa kiwanda wametuahidi chumba cha sayansi. Kwa hiyo yale mambo… nadhani unanielewa.”

Alimwelewa. Hakujibu kitu, na mwalimu mkuu akauchukulia ukimya ule kuwa ndiyo.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na mashine. Aliwaonyesha mapipa makubwa ambamo mafuta yalikutana na magadi na kugeuka uji mzito wa rangi ya asali. Aliwaonyesha visu vilivyokata miche ya sabuni, na mkanda ulioibeba hadi kwa akina mama wa kufungasha. Watoto walishangaa, wakakohoa, wakasukumana. Mwalimu alifuata nyuma. Harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiingia nyumbani kila jioni katika kola ya shati la mumewe. Aliivuta kwa makusudi, akangoja imuume. Haikumuuma. Akaendelea kutembea.

Walipofika kwenye mabomba, msimamizi aligonga moja lililofungwa vitambaa vya kuzuia joto. “Humu ndimo unamopita mvuke. Huu ndio punda wetu. Bila yeye hakuna sabuni.”

Binti mmoja akanyoosha mkono. Wenzake walimwita Kwa Nini, maana hakuwahi kumaliza kipindi bila kuuliza. “Je, kuna mtu aliyewahi kuungua hapa?”

Msimamizi alitabasamu haraka mno. “Hapana, binti yangu. Hapa usalama kwanza.”

Kwa Nini aliandika jibu lile. Mwalimu alimtazama akiandika, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, na akatambua kwamba kesho angelisahihisha daftari hilo kwa kalamu yake nyekundu. Angeweka alama ya vema mbele ya neno lile.

“Futa,” akasema.

Watoto wote wakageuka.

“Yupo aliyeungua. Alikuwa mume wangu. Alikufa.” Sauti yake ilitoka kavu, ileile ya kufundishia. “Sasa sikilizeni, maana hili ni somo. Sufuria inapochemka, kile cheupe mnachokiona juu yake mnakiita mvuke. Sicho. Hayo ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke wenyewe uko chini yake, pale penye uwazi, mnapodhani hapana kitu. Hauonekani. Yeye alikimbia akikwepa cheupe, akapita penye uwazi.”

Mashine ziliendelea kunguruma.

“Mwalimu,” msimamizi alinong’ona, “tulikubaliana na shule yenu.”

“Mimi sikukubali. Nilinyamaza tu.”

Ziara ikaishia hapo. Msimamizi alitoka uani, simu sikioni, na mwalimu hakuhitaji kuuliza anampigia nani. Aliwaongoza watoto kuelekea basi. Alifikiri angeona fahari, au hofu, au angalau hasira. Aliona uchovu tu.

Ndipo aliposikia viatu vizito vikimfuata. Alikuwa fundi kijana aliyeshika kazi ya mumewe, bado na spana mkononi.

“Shemeji, samahani.” Alivuta pumzi. “Nilikuwa nyuma ya pipa, nikasikia. Huo mvuke usioonekana, mtu atajuaje kwamba upo mbele yake?”

“Hawakukwambia?”

“Waliniambia niwe mwangalifu.”

Mwalimu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na pete mpya ya ndoa. Yeye mwalimu alikuwa amemaliza usiku mwingi wa ujane wake akisoma kila alichokipata kuhusu mvuke, bila kujua anautafutia nini.

“Kwanza utausikia, unapiga mluzi. Ukisikia mluzi na huoni unakotoka, usisogee. Mvuke ufungwe kule kwenye tanuru la kuchemshia maji kabla mtu hajakaribia. Na kama ni lazima upite, tanguliza ufagio mrefu. Njiti zikirushwa na hakuna upepo, rudi nyuma.”

“Ufagio,” akarudia kijana yule. “Ufagio tu?”

“Ufagio tu.”

Alishukuru kwa kichwa, akageuka. Kando ya ghala mfagiaji alikuwa amepumzika; kijana akauchukua ufagio wake bila kuomba.

“We! Unaupeleka wapi huo? Tangu lini mafundi mkafagia?”

Kijana aliingia mlangoni mwa kiwanda ameunyoosha mbele yake kwa mikono miwili, akitembea polepole kama mtu anayepita chumba chenye giza.

“Mwalimu, tunaondoka!” watoto waliita kutoka madirishani mwa basi.

“Nakuja,” alijibu, lakini miguu haikuondoka. Alisimama palepale juani, ametega sikio upande wa mlango ule asikie kama kuna mluzi, na kifuani mwake kitu kikaanza kuuma.