Majina ya Pango la Mraru

Watu wa sasa wakipita Voi huona nyumba za mawe tu. Mimi hukumbuka mwamba ambao haukuvunjwa, na roho yangu hurudi Mraru, kwetu karibu na Voi, mwaka wa 1957.

Mwaka huo Voi ilikuwa ikijengwa kwa pupa, na mkandarasi aliutaka mwamba wetu kwa mawe. Chini ya mwamba huo kulikuwa na pango la mafuvu ya wazee wetu. Zamani Wadawida, yaani sisi Wataita, walimzika mtu, kisha baada ya muda wakafukua fuvu lake na kulipanga pamoja na ya waliomtangulia.

Nyapara wake Kiilu, Mkamba mpole, alikataa kutega baruti kabla ya kumuuliza Baba.

"Mzee Silvanus, kama mafuvu haya yana wenyewe, nitajie majina yote niyaandike. Tajiri amesema lisilo na jina ni jiwe tu."

Maskini Baba. Alikuwa mzee wa kanisa, na miaka yote alitukataza kukanyaga pale, eti ni mambo ya giza. Siku ile alisimama mbele ya pango, kofia mkononi, akamtaja babu yake Mghanga, akamtaja Mwadime, halafu akakwama. Mafuvu yalikuwa tisa. Kubuni jina hakuweza, maana Baba hakujua kudanganya, hata pale uongo ungetufaa.

Mimi niliyajua yote. Kila baada ya mavuno nyanya yangu Wakio alinichukua kufagia pango, Baba akidhani tumeenda kuokota kuni, na kila fuvu tulilofikia tulitaja jina lake. Nyanya alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki mbili nipate kipaimara, na Baba alikuwa ameapa kwamba mtoto wake atakayeingia pale hatamsimamia kanisani.

Kiilu alianza kufunga daftari. Nikatoka nyuma ya Baba.

"Wa tatu ni Righa," nikasema. "Anayefuata ni Mwasi."

Niliendelea mpaka wa tisa, macho chini, nikingoja kofi.

Kofi halikuja. Kiilu aliandika, akawaita watu wake, wakaenda kutafuta mwamba mwingine. Baba alibaki pale, akilia bila kujificha. Kisha akavua viatu, akainama, akaingia pangoni.

"Nianzishie hapa kwa wa tatu, Priscilla," akasema. "Polepole, mwanangu. Nisije nikafa bila kuwajua."