Nje ya Seng'enge

Watu wanaokunywa chai kwangu hapa Maungu, madereva wa malori na vijana wa bodaboda, huniambia kila siku: Mama Maundu, mdomo wako utakuponza. Sawa, na uniponze. Habari ya Lynn nitaisema, kwa sababu nimechoka kusikia ikisemwa ovyo na watu ambao hata mazishini hawakufika.

Lynn alikuwa binti wa jirani yangu, Morris Opiyo. Opiyo alikuja huku akiwa kijana kutoka magharibi, akafanya kazi kwenye shamba la mkonge mpaka akastaafu, na badala ya kurudi kwao akanunua kipande cha ardhi hapa, juu kidogo ya reli. Alikuwa mzee wa kanisa letu. Akisoma neno, hata watoto walikuwa wanatulia. Yeye na mkewe Auma, ambaye sisi wote twamwita Mama Lynn, walimpata Lynn kwanza, halafu wavulana wawili ambao sasa wako Mombasa wakijitafutia.

Lynn hakuolewa. Kulikuwa na mchumba wakati mmoja, akapotea, na yeye hakumlilia mbele yetu. Alipata kazi ya ukarani Voi, na mshahara wake ndio uliojenga ile nyumba ya mawe ya wazazi wake na kununua tangi la maji. Halafu mwaka ule ndovu walipomaliza mahindi ya watu wote, akazungusha seng'enge boma lote la babake. Nilimwona kwa macho yangu akiwa na gambuti za babake miguuni, akiwakemea mafundi kwa sababu shimo moja la nguzo halikuwa refu vya kutosha. Aling'oa nguzo yenyewe akawaambia waanze upya. Nilimpenda sana msichana yule.

Kisha figo zikakataa. Akawa anapelekwa Voi kusafishwa damu, anarudi amechoka kama mtu aliyelima mchana kutwa, na Jumapili bado anafundisha watoto kanisani akiwa ameketi. Alifariki mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, ardhi imekauka kabisa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Siku moja kabla ya mazishi tuliketi chini ya tenti pale kwao. Mama Lynn alikuwa ameshawaonyesha vijana mahali pa kuchimba, karibu na tangi, upande wa dirisha la jikoni. Alisema anataka akiwa anapika amwone. Vijana walikuwa wameshika majembe tayari, ndipo kaka mkubwa wa Opiyo, Mzee Chrispine, aliyefika asubuhi ile kutoka kwao, akasimama akasema hapo pasiguswe.

Akatueleza taratibu, sisi tusio wa kwao, ili tuelewe. Binti mkubwa ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Kwao binti huhesabiwa kwamba ana kwake kwingine, na asipofika huko, boma la babake halina mahali pa kumlaza. Akizikwa ndani, alisema, wataumia wanaobaki, hasa ndugu zake na watoto watakaozaa. Kaburi lake huwa nje ya ua.

"Mzee, samahani," nikamwambia, "huo ua unaousema, yeye ndiye aliyeununua."

"Najua, mama," akasema. "Na ninajua unaniona mtu mbaya."

Basi, ningependa niwaambie kwamba alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi, miguu imemvimba, na alipofika kwenye jeneza alilia mpaka akashikwa. Alisema alimbeba Lynn mgongoni akiwa mdogo. "Lakini kuna hawa wavulana wawili," akasema. "Bado hawajajenga, bado hawajazaa. Likiwapata jambo, mtanirudishia?" Wavulana wenyewe waliinamisha vichwa.

Mama Lynn alimgeukia mumewe.

"Baba Lynn, sema wewe. Huko nyuma ya ua ni njia ya ndovu. Wakitoka mbugani kutafuta maji wanapita palepale. Mtoto wangu mtamlaza akanyagwe?"

Pasta wetu, kijana wa juzi tu, akasema haya ni mambo ya familia, akaanza kuangalia simu yake. Nilitamani kuitupa ile simu kwenye moto wa sufuria. Lakini macho yetu yote yalikuwa kwa Opiyo, na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mama mkwe wangu alipofariki, ukoo wa mume wangu ulitaka nifanyiwe mambo yao ya kutakaswa, nikaogopa, nikamkimbilia huyu Opiyo. Aliniketisha, akanifungulia Biblia, akaniambia, Mama Maundu, mtu aliye ndani ya Kristo hana laana inayomfuata. Nikamsikiza. Nilikataa mbele ya ukoo mzima, na mpaka leo shemeji zangu wawili hawanisalimii. Kwa hivyo nilikaa pale nikingoja aseme yaleyale aliyoniambia mimi.

Opiyo alikunjakunja kofia yake. Halafu akasema polepole, bila kumtazama mkewe.

"Mama Lynn, hata Bwana wetu walimtoa nje ya lango la mji, akafia huko. Si aibu kuwa nje."

Damu ilinipanda. Neno la kweli kabisa lile, kila Pasaka tunalisikia, na yeye amelishika kumfungia mtoto wake nje. Nilifungua mdomo, lakini Kasyoka, dada yetu wa kwaya, akanishika mkono kwa nguvu akanong'ona niache, kesho tunazika. Mama Lynn alifunga leso yake kiunoni vizuri akaingia ndani ya nyumba, kulikokuwa na jeneza, na vijana wakachukua majembe wakaenda nyuma ya ua.

Tulimzika kesho yake saa nane, jua likiwaka. Ilibidi jeneza litolewe kwa geti na kuzungushwa nje ya seng'enge yote, na njia ni ya mawe, wabebaji wakawa wanateleza. Kwaya iliimba. Wale wavulana wawili walilia kama watoto, na mdogo alitaka kuingia shimoni, akazuiwa. Opiyo alirusha udongo wake akaondoka kabla shimo halijajaa. Tulipomaliza watu wakarudi ndani ya boma kula, kwa sababu waliotoka mbali lazima wale.

Mama Lynn hakurudi. Alikaa chini kando ya kaburi, miguu ameinyoosha, viatu amevua. Wanawake wakaenda kumwita, akakataa. Mimi nikaenda, nikarudi peke yangu. Mwishowe Opiyo mwenyewe akaja mpaka kwenye seng'enge, yeye akiwa upande wa ndani, sisi wengine tukiwa nyuma yake na sahani mikononi.

"Auma," akamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya mbele ya watu. "Ingia ule."

"Si wewe ulisema Bwana alitolewa nje ya lango?" akamjibu. Hakupaza sauti. "Maliza basi hilo neno, Baba Lynn. Halikuishia hapo. Likasema tumfuate hukohuko nje, tuibebe aibu yake pamoja naye. Wewe umetusomea mara ngapi? Mimi nimetoka. Na siku yangu ikifika, mnilaze hapa karibu na yeye."

Mzee Chrispine aliweka sahani yake chini. Mke wa mtu kuzikwa nje ya boma, kwao, ni aibu ya mume na ya ukoo wote, na yeye alilielewa hilo kuliko sisi. Alimtazama ndugu yake akingoja amkataze. Opiyo alishika waya wa juu kwa mikono yote miwili, akasimama hivyo, na hakumkataza.

Nilidhani ni uchungu tu unaosema, kwamba wiki ikiisha atarudi ndani. Thubutu! Wavulana walipoona mama hasikii la mtu, walimjengea kibanda cha mabati kando ya kaburi kabla ya kurudi Mombasa, na ndipo anapolala mpaka leo. Ndovu wakikaribia anagonga debe, na mimi huku kwangu nikilisikia lile debe najua bado yuko hai, namshukuru Mungu. Jumatano sisi akina mama tunaenda kuomba naye huko nje, tunaketi mchangani. Pasta alikuja mara moja, akaomba kwa ufupi, akaenda zake.

Opiyo aliacha kusoma neno kanisani. Anasema macho yamefifia. Sasa anapika mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuwasha jiko tangu nimjue, na kila jioni anabeba sahani ya ugali na sukuma mpaka kwenye seng'enge, anampitishia mkewe kati ya waya na waya. Wanaongea. Nimewasikia wakiongea habari za mbuzi na dawa ya magoti. Lakini tangu siku ya mazishi hajakanyaga pale kaburini. Anatoka kwa geti kwenda sokoni, anatoka kwenda Voi, na kuzunguka tu nyuma ya ua wake mwenyewe hawezi.

Juma lililopita nilimkuta hapo kwenye waya, ameshika sahani tupu, nikashindwa kuvumilia.

"Mzee," nikamwambia, "zunguka ukamwone mtoto wako. Ama bado unaiogopa hiyo laana?"

"Laana gani, Mama Maundu," akasema. "Niliyokufundisha wewe ni kweli, na hata siku ile niliyaamini. Laana sikuiogopa. Nilimwogopa kaka yangu, anione mimi si mtu wa kwetu tena."

Akaifuta sahani kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu.

"Nilimtoa nje mtoto wangu kwa sababu ya macho ya mtu ambaye kesho yake alipanda basi akaenda. Sasa nikisimama pale, nitamwambia nini?"

Kisha akarudi jikoni, na kupitia lile dirisha la kando ya tangi nikamwona anaosha sahani.