Povu Lisilo na Macho

Jirani wa ukuta mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia, alidai kwamba aliona kwa macho yake mawili. Alisema mke wa mwana wa kinyozi alitoka uani asubuhi, umande haujakauka, ameficha kitu chini ya mtandio, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akashika njia ya jalalani. Siku hiyohiyo brashi ya kunyolea ya mzee kinyozi ikawa haionekani. Kila aliposimulia, Redio alitia chumvi mpya: mara kitu kile kilikuwa na mpini wa pembe, mara mwanamke yule alikuwa akicheka peke yake. "Mkwe mwenye wivu," alimalizia, "ni nyoka ndani ya mto wa kulalia."

Upande wa pili wa ukuta, binti wa kinyozi aliyasikia yote hayo huku akichambua mchele. Hakupinga. Kuna kunyamaza kunakochosha kuliko kuchota maji, na yeye kazi hiyo aliibeba tangu mvua za kwanza. Kwa maana brashi haikwenda jalalani. Mpini wake ulikuwa jikoni, chini ya gunia la mkaa, na yeye ndiye aliyeuweka huko. Kuhusu wivu, Redio hakukosea sana. Alikosea mwenye wivu tu.

Baba yake alinyoa ndevu za watu tangu ujana mpaka mvi. Kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia uliozoea kuzungusha brashi ukalala pajani kama wa mtu mwingine. Binti na wifi yake, mke wa kaka yake, wakapokezana kumnyoa. Lakini mzee hakukubali mtu aguse wembe kabla hajajua povu. Loweka brashi, alisema, kwenye maji ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Ikung'ute. Izungushe juu ya sabuni bila kuikandamiza, mpaka upate rojo zito. Ndipo uongeze maji, tone baada ya tone, kama mtu anayetoa siri. Povu la haraka hujaa viputo, na viputo hivyo mzee aliviita macho. Povu lenye macho linakodoa tu, alipenda kusema, halimlindi mtu na wembe.

La binti lilikuwa na macho. La wifi halikuwa nayo. Lilikaa shavuni limetulia kama mtindi. Siku moja mzee, ambaye sifa zilimtoka kwa shida kama jino, alifumba macho chini ya povu lile akasema mkwe wake amezaliwa na mkono wa kinyozi. Alisema mbele ya binti yake. Huenda hakukusudia kumuumiza. Lakini mwiba wa samaki haujali kama umemezwa kwa bahati mbaya.

Asubuhi iliyofuata zamu ilikuwa ya binti, na alitaka kushinda. Alijiambia kwamba maji yakizidi moto, povu litazidi uzito. Akamimina maji yaliyokuwa yakitokota juu ya brashi. Gundi iliyoshika nywele ikalegea. Alipozungusha tu, shungi zima liling'oka likabaki limesimama juu ya sabuni, na mkononi mwake ukabaki mpini mtupu kama ufizi. Brashi hiyo baba yake aliachiwa na aliyemfundisha kazi. Nywele alizitia motoni, harufu yake ikapita upesi. Pembe ikiungua hunuka kutwa, kwa hiyo mpini akauficha.

Baba akauliza, "Brashi yangu iko wapi?"

"Wifi ndiye aliyefagia humu leo, baba."

Na ni kweli wifi alifagia. Hilo ndilo lililomnyima binti usingizi baadaye: katika maneno yale hamkuwa na uongo. Aliichukua kweli ndogo, safi, akaitumia kama mtu anayemchoma mwenzake kwa kisu cha mkate. Mzee alipomuuliza mkwe wake, yule alicheka akidhani anataniwa, na kicheko kile kikamponza. Mzee akamwambia mkono unaochezea kazi yake usiguse uso wake tena. Wifi aliegemeza ufagio ukutani, akaaga kwa adabu, akaondoka. Tangu hapo kaka alikuja peke yake. Aliketi ukingoni mwa kiti, akajulia hali, akaacha chai nusu kikombe.

Ikanunuliwa brashi ya dukani. Mzee aliikataa, ndevu zikamea mpaka zikaanza kumwasha, na hatimaye akasalimu amri. Binti alimketisha kando ya dirisha, akamfunga taulo shingoni. Safari hii hakuwa na wa kumshinda. Alizungusha brashi polepole, akaongeza tone, akasubiri, akaongeza jingine. Rojo likaanza kunenepa. Viputo vikafumba kimoja kimoja. Alipompaka, povu lilishika kidevu chote bila kuteleza.

Mzee aliligusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, akalisugua.

"Leo umepata," alisema. "Hata mkwe wangu hakufika hapa."

Neno alilolililia lilikuwa hilo. Lilimfikia kama chakula kinavyomfikia mwenye vidonda mdomoni. Alitazama uso wa baba yake, mweupe wote, macho yamefumbwa, koo limeinuliwa kwa imani mbele ya wembe wake, akaona hawezi kuugusa uso huo. Akaweka wembe chini.

"Baba, brashi niliiharibu mimi. Niliimwagia maji ya moto. Wifi hakuigusa."

Mzee hakufumbua macho. Nje mtu alipita akikokota kitu cha bati. Povu lilianza kupauka kwenye kingo.

"Nyoa," alisema mwishowe. "Povu linakauka."

Alimnyoa. Mzee alimpa shavu, akampa shavu la pili, akampa shingo. Alipofutwa kwa taulo lenye joto, ndipo alipozungumza.

"Wewe ulinipa neno. Kumfukuza, nilimfukuza mimi. Miguu yangu haifiki kwake, mwanangu. Yako inafika."

Wifi alikuwa akianika shuka nyuma ya nyumba yake, vibanio vimebanwa midomoni. Salamu aliipokea kwa kichwa. Binti alieleza yote, tangu sifa za povu mpaka gunia la mkaa, bila kujipunguzia kitu, na wifi hakuacha kuanika. Alipomaliza, wifi alivitoa vibanio.

"Unajua nikifika bombani wanavuta ndoo zao karibu?" aliuliza. "Hata wale tuliokuwa tukicheka nao."

Binti hakuwa amejua. Alikuwa amewaza habari za baba tu, na kaka, na chai inayopoa. Bombani hakuwahi kufika katika mawazo yake.

"Twende nyumbani, wifi," alisema. "Nitasema mbele ya baba. Na nitasema bombani, Redio akiwepo. Nakuomba twende."

Wifi alichukua shuka la mwisho, akalikung'uta, akalitupa juu ya kamba, akalivuta mpaka likanyooka kati yao. Chini ya pindo lake ilionekana miguu ya wifi tu, imelowa, imesimama palepale.