Saa Iliyopangwa kwa Duara

Wajukuu nimewategea kitendawili hiki wakashindwa: kijiji cha dhahabu, wakazi wake wanazunguka mchana na usiku, na hakuna aliyewahi kutoka. Wakataja mzinga wa nyuki, wakataja shimo la sisimizi, mmoja akasema shule. Kumbe ni saa ya mfukoni ya babu yao.

Hiyo si saa ya dukani. Kifuniko chake kimechorwa majani kwa ncha kali, hata mishipa ya jani unaiona. Ukikifunga kinalia "ta!" kama mtu aliyekata shauri. Ndani kuna mnyororo mwembamba kama uzi wa kushonea, vijiwe vyekundu, na skrubu zilizochomwa motoni mpaka zikawa za buluu. Aliyeitengeneza alikufa kabla babu ya babu yangu hajazaliwa, na kila skrubu aliichonga kwa mkono, kwa ajili ya tundu lake. Ya tundu hili haikai tundu lile. Ukilazimisha, umeharibu vyote viwili.

Mimi niliishia darasa la saba, hayo nimeyajua kwa mume wangu, fundi saa kwa miaka hamsini. Saa hiyo aliachiwa na aliyemfundisha kazi. Kila mwaka huifungua, akaisafisha, akaitia mafuta kwa ncha ya sindano.

Mwaka huu akili imeanza kumtoroka. Ananiita kwa jina la dada yake. Anavaa shati juu ya shati. Binti yetu akamwambia, "Baba, safari hii iache."

"Wewe nawe! Kinachosahau ni kichwa. Mikono yangu haina kichwa."

Tulicheka mpaka machozi.

Na kweli, alipoketi dirishani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, nilimwona yule kijana aliyenioa. Alitandika kitambaa cheupe, akatoa kipande kimoja kimoja kwa koleo ndogo, akavipanga kwa duara, kila skrubu ubavuni mwa kipande chake. Ndivyo alivyofundishwa: unafungua ukienda mbele, unafunga ukirudi nyuma. Haandiki popote. Kitambaa ndicho daftari lake. Akamaliza, akachoka, akaenda kujinyoosha.

Miaka yote sikuwahi kugusa meza ile. Lakini siku hizi namfunga vifungo, namkata kucha, namtafutia miwani iliyo usoni mwake. Mkono umeshazoea kumfanyia. Nikaona vumbi la barabarani linaingia dirishani. Nikavikusanya vipande vyote kwenye kibakuli safi, polepole, hata kimoja kisipotee. Nikakung'uta kitambaa, nikakitandika upya, nikavimwaga katikati. Nikajisifu.

Alipoamka alirudi mezani, akakitazama kitambaa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba watoto. Vumbi lilikuwa linaingia."

"Kuna kilichopotea?"

"Hata kimoja."

"Basi umefanya vizuri, mama," akasema, akaketi.

Bora angenigombeza. Alichukua skrubu, akaijaribu tundu moja, akaitoa. Akajaribu la pili. Akairudisha. Akachukua nyingine, au pengine ileile, maana mimi naziona zote sawa, na sasa na yeye anaziona zote sawa. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Haikuwa na pa kwenda tu.

Binti akampigia simu fundi mmoja wa mjini. Akasikiliza, akashukuru, akakata.

"Kasemaje?"

"Anasema saa za aina hiyo haziwezi, mama. Anasema anayeziweza ni mzee mmoja tu, nimtafute huyo." Akaiweka simu chini. "Amemtaja baba."

Ni wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi anakunywa chai na kwenda dirishani, nami nakaa kando yake, nimeushika ukingo wa kitambaa vipande visiviringike. Nimejaribu kukumbuka duara lile. Nakumbuka gurudumu kubwa lilikuwa juu. Baada ya hapo sikumbuki kitu, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye usoni.

Leo amejaribu skrubu mbili, akavua kioo jichoni, akanipa koleo.

"Endelea wewe kidogo," akasema. "Wewe ndiye uliyezipanga."

Nikaipokea. Nikainama juu ya kitambaa, nikaokota skrubu moja ya buluu, nikaigeuzageuza kwenye mwanga kama mtu anayejua anachokitafuta. Yeye akaegemea kiti, akanisubiri.